Miguu ya Kukimbilia

Mizani ya kwanza kunipima nikiwa mtu mzima ilikuwa mizani ya madini. Miaka ile ya vita barabara ya Goma ilikuwa imekufa, nusu kwa matope na nusu kwa watu wenye bunduki, na sisi wafanyabiashara wa Mubi, mji mdogo wa msituni, tulisafiri kwa ndege ndogo zilizotua juu ya lami, pale barabara iliponyooka kidogo. Zilileta unga, bia na sabuni, zikarudi na magunia ya kasiterite, mawe ya bati, kutoka machimbo ya Bisie. Abiria aliwekwa palipobaki nafasi, kwa hiyo alipimwa kama mzigo. Unapanda juu ya chuma na kikapu chako mkononi, mpimaji anasoma, kisha anapaza sauti ili rubani asikie. Aliposoma kilo zangu, rubani alifikiri kidogo, akaamuru gunia moja lishushwe. Mwenye gunia alinitazama vibaya mpaka tuliporuka.

Watu walicheka, nami nikacheka nao. Wakati huo mwili wangu haukuwa aibu, ulikuwa kibao cha duka. Mume wangu ni mtu wa Butembo, na watu wa Butembo wanajulikana: wanafungua duka hata mahali ambapo kuku hapati cha kudonoa. Duka letu lilikuwa katikati ya Mubi, na mimi nilikaa nyuma ya meza. Mteja akiniona nimejaa kiti, alijua unga upo, ndege zinatua, na wiki hii hakuna atakayekimbia. Wachimbaji waliotoka msituni walinisalimu kwa kuuliza, "Mama, amani iko?" huku wakiangalia mashavu yangu. Walikuwa hawangoji jibu.

Kilichonifanya niuchukie mwili huo ni siku moja tu ya mbio. Risasi zilianza saa ya soko, na mji mzima ukaingia msituni kwa njia moja nyembamba. Mume wangu alitangulia na watoto wetu wadogo wawili. Mimi nilitembea, nikasimama, nikatembea, nikashika mti. Magoti yaligoma, pumzi ikakatika. Watu walinipita, hata bibi mmoja mwenye mkongojo alinipita akaniambia pole. Nilipofika kwenye kona niliwakuta wanangu wamesimama katikati ya njia, mahali peupe kabisa, baba yao anawavuta nao hawataki kwenda. Walikuwa wananisubiri. Hakuna aliyeumia siku ile, lakini nilipolala chini ya majani niliona kitu kimoja tu: watoto wangu wawili wamesimama peupe kwa sababu ya mapaja yangu.

Haukupita muda mrefu, dada yangu mkubwa akaanguka shambani kule Masisi. Sisi ni watoto wa wakulima wa Masisi, tumezaliwa juu ya kilima kimoja na kupewa mwili mmoja, mwili wa mama yetu: mabega mapana, kiuno kipana, na damu inayopanda. Yeye damu ilimpanda mpaka kichwani. Upande wake wa kushoto ukafa, mkono na mguu na nusu ya mdomo. Tangu hapo, kila vita vilipopita kilimani kwao, jirani zake walikimbilia migombani na yeye akabaki kitandani, mlango wazi. Wenye bunduki waliingia, wakala kilichopikwa, wakatoka. Alinisimulia hayo kwenye simu akicheka, na mimi sikuona cha kucheka. Muuguzi wa Mubi alikuwa ameshanifunga ule mkanda wa kupimia mkononi na kutikisa kichwa. "Mama, tension iko juu sana," aliniambia. "Punguza mwili, ao siku moja utalala sawa vile dada yako."

Basi nikaamua. Kuna watu duniani wanaopunguza mwili ili nguo ya arusi iwakae vizuri. Mimi nilitaka miguu ya kukimbilia, nisisubiriwe tena na mtu.

Aliyeniletea balaa la telefone ni binti yangu mkubwa, aliyekuwa anasoma Goma. Nilipokwenda huko kuchukua bidhaa, alinipokonya telefone yangu mpya na kuweka ndani yake aplikasio ya kupunguza uzito. Ilikuwa ya Kifaransa na alama yake ilikuwa tofaa la kijani. Yeye pia aliiweka kwenye ya kwake, akatuunganisha, ili kila siku aone mama yake ametembea kiasi gani. "Mama, hata uko Mubi, nitakuwa nakuona vile unatembea," alisema. Neno hilo lilinifurahisha sana. Katika shughuli nzima, ni hilo tu lililonifurahisha.

Kwanza aplikasio ilitaka kujua nakula nini. Nikaandika bugali. Haijui. Nikaandika sombe, majani yetu ya muhogo. Haijui. Makemba, zile ndizi kubwa za kukaanga, haijui, samaki ya chumvi haijui, lakini mawese iliyatambua mara moja kwa jina lake la Kifaransa na kuyapiga rangi nyekundu, kama mtu aliyekamatwa na bangi. Ilichokijua ni vitu vya friji. Ilinishauri mtindi usio na mafuta na samaki wabichi wa baharini. Bahari ipi? Nimtume rubani? Nilimwandikia binti yangu, akajibu sombe niiite mchicha na bugali niuite viazi. Kwa hiyo kila jioni, baada ya kufunga duka, nilikaa na kuidanganya mashine, nayo ikanipongeza kwa mchicha.

Ikaja habari ya maji. Kunywa glasi nyingi, ilisema, na nyingine kabla ya kulala. Choo chetu, kama vyoo vyote vya Mubi, kilikuwa nyuma ya nyumba mwisho wa parseli, yaani kiwanja chetu, na miaka ile hakuna mwenye akili aliyefungua mlango jua likishatua. Nilifuata shauri lake siku moja tu, nikajuta mpaka alfajiri. Asubuhi ikaniuliza kama nimelala vizuri, ikanipangia nyuso za kuchagua, kuanzia ya kilio mpaka ya kicheko. Nilitafuta uso wa mwanamke aliyebana mkojo huku akisikiliza viatu vya askari nyuma ya ukuta. Haukuwepo. Nikachagua ule unaotabasamu kidogo, kwa hasira.

Halafu kulikuwa na moto. Kila siku niliyofuata amri zake zote iliniwashia mwali mdogo, na mwali ulikua kadiri siku zilivyofuatana. Sikatai, niliupenda. Lakini mnara wa mtandao wa Mubi uliishi kwa mafuta, mafuta yalikuja kwa lori kwenye barabara ile ile iliyokufa, na lori lilifika Mungu akipenda. Mvua ilinyesha, malori yakazama, mnara ukafa. Ulipofufuka, mwali wangu ulikuwa umezimika na mahali pake kulikuwa na maneno matamu: usikate tamaa, kila mtu huteleza. Nani aliyeteleza? Aliyeteleza ni lori la mafuta, huko kwenye matope, na mimi nilikuwa nimekula mchicha wangu kama nilivyoagizwa. Nilitaka kuitupa telefone jikoni. Mume wangu akaniuliza ninagombana na nani, nikamwambia na tofaa.

Kila Jumatatu ilidai uzito. Mizani ya kumbeba mtu mzima ilikuwa moja tu, ile ya bohari la madini, na foleni yake ilikuwa ya wachimbaji na magunia yao. Nilipanga foleni. Nilivua viatu, nikapanda juu ya chuma chenye vumbi la kasiterite, na foleni nzima ikanyamaza ili isikie. "Mama, teneur iko ngapi?" mmoja aliuliza, maana teneur ni ule usafi wa madini unaopanga bei yake. Mwingine akasema mama ameanza kuoshwa, mchanga unatoka. Niliwajibu kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Jumatatu iliyofuata nilirudi, na iliyofuata, mpaka wakanizoea na kuniachia nafasi ya mbele.

Lakini kitu ambacho aplikasio ilikisisitiza kuliko vyote ni kutembea. Asubuhi, kwa haraka, mpaka jasho. Hapo nilikubaliana nayo, maana miguu ndiyo niliyoitaka. Nilichagua baskete, viatu vya mbio vya mtumba, sokoni, nikaweka maji na taulo ndani ya mfuko wa mgongoni, nikafunga kitambaa kichwani. Asubuhi moja, jua ndiyo kwanza linapenya miti, nikatoka na kushika barabara ya kutoka mjini. Nilitembea bila kugeuka. Telefone ilikuwa kifuani, ikilia kila mara kunihimiza: haraka zaidi, haraka zaidi.

Kitu ambacho mimi na tofaa langu hatukukiwaza ni jinsi Mubi inavyosoma habari. Redio ilisema hili na lile, wakubwa walisema hali ni shwari hata wakiwa wamefunga mizigo yao, kwa hiyo watu waliacha kusikiliza, wakawa wanatazama wafanyabiashara. Walisema mtu wa Butembo ananusa vita kabla ya mbwa. Chumvi ikiadimika dukani, watu wanatafuta kamba za kufungia magodoro. Duka likichelewa kufunguliwa, mbuzi wanapelekwa msituni. Sasa mke wa mwenye duka, mama mnene ambaye hakuna aliyewahi kumwona akienda kwa miguu hata kisimani, yuko barabarani asubuhi na mapema, baskete zimekazwa, mfuko mgongoni, anakwenda mbio na hasalimii mtu.

Kwanza nilisikia sufuria zikigongana. Nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na mwanamke mwenye godoro kichwani, nyuma yake mwingine na mtoto mgongoni, kisha mbuzi, kisha pikipiki iliyobeba mama, watoto na cherehani, kisha watu barabara nzima mpaka kwenye kona. Jirani yangu, mama aliyekaanga makemba mbele ya duka letu, alikuwa wa kwanza kabisa, amebeba karai lake na mafuta bado ya moto.

"Munakimbia nini?" nikamuuliza.

"Kumbe!" akasema, anahema. "Si weye njo uko nakimbia?"

"Miye niko natembea tu."

"Unatembea unaenda wapi?"

"Siendi fasi yoyote. Natembea juu ya kupunguza mwili. Telefone njo inanituma."

Akaniangalia. Akaangalia baskete. Kisha akageuka kwa wale wa nyuma akapaza sauti kwamba mama wa duka ametumwa na telefone. Habari ilipofika mwisho wa msafara ilikuwa imeshanenepa: mama wa duka amepigiwa telefone, vita viko karibu. Wale wa mwisho wakaanza kukimbia kweli, wakatupita sisi wa mbele, na hakuna sauti duniani ambayo ingewarudisha. Nilisimama kando ya barabara nikipiga kelele, "Rudini! Hakuna kitu!" na kila aliyepita alinijibu, "Mama, usikae hapo!"

Jua lilipopanda mji ulikuwa umerudi, una njaa na hasira. Mkuu wa mtaa akaniita. Hakunifokea, heri angenifokea.

"Mama," alisema, "mwili ni ya kwako, haiko ya serikali. Lakini mutaa ni ya bantu bote. Upunguzie mwili ndani ya parseli yako."

Nikamwambia parseli yangu haina nafasi hata ya kuku wawili kupishana. Akafikiri sana, akashauriana na mtu mmoja wa parokia, na Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo ya ndoa, katekista akasoma mbele ya kanisa lililojaa kwamba mama fulani atakuwa anatembea barabarani kila asubuhi kwa shauri la muuguzi, na waamini wanaombwa wasikimbie. Kanisa lilicheka mpaka padri akagonga altare. Nilitaka ardhi inimeze pale pale kwenye benchi. Kesho yake nilitembea, na watoto wa njiani wakanifuata wakiimba kwamba hawakimbii.

Askari wa kizuizi cha barabarani hakuwepo kanisani. Alisikia telefone ikitamka hatua zangu kwa Kifaransa, akataka kujua nampimia nani umbali wa kambi. Ilinichukua asubuhi nzima kumweleza. Mwishoni aliishika mwenyewe, akatembea nayo kwenda na kurudi mbele ya kamba waliyofunga kukata barabara, ikampongeza, akaipenda. Kutoka siku hiyo kila nilipopita aliniomba aijaribu kidogo, na hatua zake zikaandikwa kwangu. Binti yangu akaniandikia kutoka Goma: bravo Mama.

Kadiri nilivyopungua ndivyo nilivyosumbuliwa. Ndugu za mume wangu walimpigia kutoka Butembo wakamuuliza kama siku hizi anakula peke yake. Akina mama wa parokia walikuja jioni moja na kuku wa mawese, wakakaa kwa huzuni, wakanisifu ujasiri wangu, mpaka nikaelewa kwamba wamekuja kuniaga kama mtu anayekufa. Nilikula kuku, ningefanya nini. Wateja walianza kununua unga kidogo kidogo, wakisubiri kuona kama duka litafika mwezi ujao. Mume wangu akachoka.

"Utamaliza kupunguka siku gani?" aliniuliza. "Bantu banasema butike imekufa."

"Siku tutakimbia tena, utanishukuru."

Akarudi kupanga sabuni, maana naye aliikumbuka ile kona.

Na tulikimbia tena. Safari ile ilikuwa fupi, risasi za alasiri moja, na tukarudi kabla ya giza. Lakini niliingia msituni kwa miguu yangu bila kushika mti. Niliipita kona ile bila kusimama. Nyuma yangu nikasikia mmoja wa wanangu akiita, "Mama, utusubiri!" Mtu asinicheke nikisema kwamba nilikuwa na furaha, katikati ya risasi zile. Muuguzi alinipima wiki hiyo, akasema damu imeshuka.

Ndipo nikaenda Masisi. Nilitaka dada yangu auone mwili huu mpya, na nilitaka kumfundisha kuusogeza ule mkono wake, maana telefone ilikuwa na mazoezi ya mikono pia. Kwenye ndege mpimaji alisoma kilo zangu na rubani hakushusha gunia lolote. Kutoka Goma nilipanda vilima kwa pikipiki mpaka njia ilipoishia, kisha kwa miguu, na sikusimama kupumzika.

Dada yangu alilala katika nyumba ya jiko, karibu na moto, kwa sababu Masisi kuna baridi na upande wake uliokufa ulikuwa haupati joto. Alinitazama kuanzia kitambaa mpaka baskete.

"Uyu ni nani?" alimuuliza mume wake. "Miye niko na mudogo munene. Uyu mwenye kukauka anatoka wapi?"

Kutoka kitandani aliamuru nilishwe siku zote nilizokaa pale: viazi, maharage, jibini la ng'ombe wa jirani. Telefone ikawa nyekundu tupu. Nikimwambia asogeze mkono aliniambia nisogeze sahani. Nilimkasirikia. Nilimwambia mazoezi yale yangemsaidia walau kuinuka, walau kufika mlangoni, na kama siku moja watu wale wakija na hasira badala ya njaa atafanya nini?

"Miye sikimbiake tena, mudogo wangu," alisema. "Vita njo inakuyaka kunitembelea."

Ilikuwa mchana, viazi viko kwenye majivu, risasi zilipoanza bondeni. Shemeji alikuja mbio kutoka shambani na watoto wake. Kilimani kwetu mgonjwa hubebwa kwa kipoyi, machela ya mianzi. Kila kundi la nyumba lina kipoyi chake na wanaume wa kukibeba kwa zamu, na anayekwepa zamu hatabebwa siku yake ikifika. Hakuna aliyewahi kukwepa. Lakini siku ya vita wanaume ndio wanaotafutwa, wabebeshwe masanduku ya risasi mpaka waangukie njiani, kwa hiyo wanaume ndio wa kwanza kupotea. Kipoyi kilikuwa kimeegemea ukuta wa jirani kama kawaida. Mabega hayakuwepo.

Tulimbeba wawili, shemeji mbele na mimi nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na njia ilikuwa inateremka. Tulifika mwisho wa migomba, tukateleza, tukamweka chini, tukanyanyua, tukateleza tena. Mbele yetu watoto wake walikuwa wamesimama njiani, mahali peupe, wametugeukia. Hawakutaka kwenda. Niliwaona, na dada yangu naye, akiwa amelala pale juu ya mianzi, aliwaona.

"Batoto banasimama fasi ya wazi," alisema. "Munirudishe ndani."

Shemeji alikataa. Akamwambia tena, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na tukamrudisha. Shemeji alilia kwa hasira huku akimfunika blanketi, kisha akawashika watoto wake mikono, akaenda.

"Na weye," dada yangu aliniambia. "Uende. Si njo ulikaukia?"

Nilikwenda. Nilipita migomba, nikashika njia ya juu, na miguu yangu ilifanya kazi yote niliyoifundisha. Pumzi ilikuwepo. Magoti yalikuwepo. Hakuna aliyesimama kunisubiri, kama nilivyotaka tangu ile siku ya kona. Na nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi, kwa vita, kwa wanaume wa kipoyi, kwa miguu yenyewe kwa kuwa mizuri namna ile. Nyuma yangu kulikuwa na mtu ambaye hakuna anayemsubiri. Nikageuka nikarudi.

Nilivuta kigoda nikakaa karibu na kitanda, telefone mapajani, tukasikiliza. Risasi zilikaribia, zikanyamaza, zikaanza upande mwingine wa kilima. Tulikaa hivyo muda mrefu. Kisha telefone ikatetemeka na tofaa la kijani likatokea.

"Inasema nini?" dada yangu akauliza.

"Inasema nimekaa sana. Nisimame, nitembee kidogo."

Aliutazama moto.

"Kama unasimama," alisema, "geuza viazi."

Nikasimama, nikageuza viazi, nikarudi kukaa.

Walikuja jioni ikikaribia, vijana waliolowa, wana njaa. Walikula viazi vyote na jibini, hawakutugusa. Mmoja aliona telefone mapajani pangu, akanyoosha mkono na kuichukua, akaitia mfukoni. Walipotoka dada yangu aliniuliza kama kuna kiazi kilichobaki ndani ya majivu. Kilikuwepo kimoja, tukagawana.

Njia ilipofunguka na shemeji aliporudi na watoto, nilishuka Goma. Binti yangu alinikumbatia mlangoni, na nilishangaa kwamba hakuwa na macho ya mtu aliyelia.

"Sikulia hata, Mama," alisema. "Nilikuwa nakuona."

Akaniletea telefone yake. Kuanzia jioni ile ya Masisi mstari wa hatua zangu ulikuwa umepanda kuliko siku zote za Mubi, kilima baada ya kilima, siku baada ya siku, mpaka betri ilipokufa. Tofaa lilikuwa limenipa medali ya dhahabu. Alikuwa amempigia baba yake Mubi akamwambia: mama anakimbia, mama iko mbele ya bote, hawakumuacha. Na Mubi, inavyosoma habari, ilikuwa imeshamshukuru Mungu kanisani.

Nilimwambia telefone ilichukuliwa jioni ile ile na kijana mmoja mwenye bunduki. Aliangalia medali, akaniangalia mimi, na hapo ndipo macho yake yalipojaa.

"Na weye ulikuwa wapi?"

"Kwa mama yako mukubwa."

"Haukukimbia? Na ile miguu yote, Mama? Ulikuwa nafanya nini?"

Nilikaa nikaanza kufungua kamba za baskete.

"Nilikuwa nageuza viazi," nikamwambia.